Kibuluu cha Bondeni

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza kazi. Shangazi, ambaye amenilea tangu nina miaka tisa na ambaye anafagia ghorofa zote tatu za taasisi ya mimea, alimfuata Profesa ofisini kwake na kumwambia: "Nina mtoto amemaliza shule, anakaa nyumbani anatazama dari. Haongei, lakini macho yake hayakosi kitu." Ningependa angeanza na macho. Nitakuwa hapa mpaka mvua ziishe.

Maabara iko ghorofa ya pili. Ina meza mbili za vigae vyeupe, sinki lenye doa la zambarau lisilotoka, friji iliyoandikwa SI YA CHAKULA, na hadubini tatu. Moja haifanyi kazi lakini Fundi haruhusu iondolewe. Fundi ndiye mwenye chumba, ingawa Profesa ndiye mkubwa. Nilimwamkia.

"Marahaba. Unaitwa nani?"

Nikamwambia.

"Nani?"

Nikamwambia tena.

"Basi," akasema. "Wewe ni Bi Kimya."

Jumanne, 5 Machi

Nimeosha slaidi, vile vioo vya kuwekea vitu chini ya hadubini, mia moja na arobaini. Fundi aliinua moja kwenye mwanga. "Hii umeiosha au umeitakia heri?" Nimeosha tena zote.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimeelezwa kazi. Kuna ua dogo la porini ambalo hapa wanaliita Kibuluu. Halifiki urefu wa kidole, na chini lina tunguu kama punje ya kitunguu saumu. Linaota kwenye mteremko mmoja nyuma ya taasisi, na mteremko huo utakatwa mwezi wa sita kupitisha barabara mpya. Profesa anataka kuyahamisha yote kabla ya hapo. Kwanza lazima ajue ni aina moja au zaidi, na njia mojawapo ya kujua ni kuhesabu kromosomu.

Unakata ncha ya mzizi asubuhi, wakati seli zinagawanyika kwa wingi. Unaitia kwenye dawa inayozisimamisha katikati ya kugawanyika, halafu kwenye spiriti na asidi inayonuka siki, halafu kwenye rangi. Mwisho unaiweka kwenye slaidi, unafunika kwa kioo chembamba, unaweka karatasi juu na kukandamiza kwa kidole gumba. Ukikandamiza kidogo, kromosomu zinabaki zimelundikana. Ukiteleza, umepoteza asubuhi nzima.

Kibuluu kina kumi na nane. Fundi ameshahesabu mara nyingi miaka iliyopita.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua imeanza. Nimevunja vioo vitatu. Fundi ameniambia kidole changu kina hasira ambayo mdomo wangu hauna.

Jumatano, 13 Machi

Kumi na nane! Nimeziona mwenyewe. Ni vijiti vya zambarau, vingine vimepinda kama kope. Nilizihesabu mara tano kabla ya kumwita Fundi. Akatazama, akasema "Haya," akarudi kwenye chai yake. Shangazi anasema "haya" ya Fundi ni kubwa, yeye katika miaka kumi na moja amepata mbili.

Jumapili, 17 Machi

Shangazi alikuwa anakunja nguo akaniuliza, "Sasa hicho unachohesabu ni nini hasa?"

Nikamwambia afikirie kitambaa kirefu sana kilicho ndani ya kila seli. Kitambaa chote ndiyo jenomu. Kimekatwa na kufungwa mafungu, na mafungu ndiyo kromosomu.

"Na kila ua lina mafungu sawa?"

"Ya aina moja kwa kawaida huwa sawa. Lakini kuna ua la porini lenye mafungu manne tu, na mengine yana mamia. Na yapo maua yenye kitambaa kirefu kuliko cha mtu mara kadhaa."

Akaacha kukunja. "Kuliko changu mimi?"

"Ndiyo."

"Ua!"

"Ndiyo, Shangazi."

"La nini lote hilo?"

"Profesa anasema hakuna anayejua vizuri."

"Basi siku akijua anijulishe. Miaka yote nafagia huko na hakuna aliyeniambia nimezidiwa na ua."

Sijawahi kuongea maneno mengi hivyo kwa wiki nzima.

Jumanne, 19 Machi

Tumekwenda mteremkoni mimi, Fundi na Mtunza Bustani. Huko juu ni mawe na Vibuluu ni vingi. Bondeni ni matope mpaka kwenye vigimbi vya miguu, na vimesimama vichache kwenye majani marefu. Kiatu cha Fundi kilibaki matopeni na Mtunza Bustani akakivuta kwa jembe.

"Ndiyo maana miaka yote umechukua vya juu," Mtunza Bustani akamwambia.

"Kibuluu ni Kibuluu," Fundi akajibu, amesimama kwa mguu mmoja.

Tumeleta kumi vya juu na kumi vya bondeni. Nimevipanda vyunguni dirishani na kuvipa namba. Vya bondeni vina majani mapana kidogo. Nilidhani ni kwa sababu ya maji.

Alhamisi, 21 Machi

Chungu namba moja cha bondeni. Nilihesabu thelathini na sita. Nikahesabu kuanzia upande wa pili, ikawa thelathini na sita. Nikaenda kumwita Fundi.

"Ngapi?"

"Thelathini na sita."

"Paza sauti, Bi Kimya, mvua inapiga bati."

"Thelathini na sita."

Aliinama kwenye lenzi kwa muda wa kupiga chafya. "Kumi na nane mara mbili ni ngapi?"

Nikavuta kisanduku cha slaidi.

"Umelaza seli mbili, moja juu ya mwenzake, ukazikandamiza pamoja. Kila mwanagenzi ananiletea hii. Mmoja aliniletea hamsini na nne, akataka tumwite Profesa na mpiga picha."

Mtunza Bustani alikuwa mlangoni amefuata ufunguo. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Fundi akaniambia nirudie kesho.

Ijumaa, 22 Machi

Nimerudia namba moja. Seli ilikuwa peke yake, nafasi wazi pande zote. Thelathini na sita.

Sikumwita. Niliandika 18.

Namba mbili nilitazama kama zimetawanyika, nikaandika 18. Namba tatu na namba nne sikuziweka hata chini ya lenzi.

Jioni Fundi alipitia daftari kubwa. "Umeona sasa?" akasema. Kwa upole kabisa.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Nimetengeneza slaidi za juu, nane, zote kumi na nane. Nilizihesabu kweli, kila moja mara tatu.

Vya bondeni vilivyobaki, namba tano hadi kumi, Fundi amesema tuviache. Vinne vinatosha.

Alhamisi, 4 Aprili

Kikao ofisini kwa Profesa. Sisi wanne tu, na mimi nilikaa karibu na mlango. Profesa alisema Vibuluu vyote vitang'olewa na kupandwa kwenye tuta moja kubwa nyuma ya karakana, vya juu na vya bondeni pamoja, ili nyuki wachanganye chavua na tupate mbegu nyingi. Mwakani mbegu hizo zitapandwa kwenye kilima kingine ambacho hakitaguswa.

"Nilikuwa na wasiwasi na vile vya bondeni," akasema. "Lakini binti ameshahesabu. Vyote ni kumi na nane. Asante, binti."

Nilitazama viatu vyangu. Mtunza Bustani akasema, "Huyu anaona haya hata kushukuriwa."

Jumatatu, 8 Aprili

Mchana nilisoma kitabu kimoja cha rafu ya Profesa. Naandika nilivyoelewa.

Mmea wa kumi na nane unatoa tisa katika chavua. Wa thelathini na sita unatoa kumi na nane. Vikichanganyika, mtoto anapata ishirini na saba. Atakua, atachanua, lakini ishirini na saba hazigawanyiki mbili mbili kama inavyotakiwa, kwa hiyo mbegu zake karibu zote zitakuwa makapi. Na kama aina moja ni chache katikati ya nyingi, chavua nyingi inayoifikia ni ya wenzake wasiolingana nayo, na mbegu zake zinaharibika kila mwaka mpaka inaisha.

Vya bondeni ni vichache.

Lakini huenda Fundi alikuwa sahihi na zilikuwa seli mbili. Yeye ana miaka ishirini na sita kwenye lenzi, mimi nina wiki tano.

Jumanne, 9 Aprili

Ile slaidi ya pili ya chungu namba moja ilikuwa na seli moja tu. Naijua.

Jumatatu, 15 Aprili

Wamepanda. Mtunza Bustani alileta matunguu kwenye beseni la kuogea. "Mia tatu na themanini. Nimeyachanganya vizuri, yazoeane kabla ya harusi." Nilimsaidia kupanda mistari kumi na tisa, ishirini kwa kila mstari. Kila tunguu nililoshika nilijaribu kubahatisha ni la wapi. Bila majani yote yanafanana.

Nilikuwa na siku nzima ya kusema. Aliniuliza hata, "Mbona leo kimya chako kimezidi?"

"Nimechoka," nikamwambia.

Ijumaa, 19 Aprili

Mashine ya kupima viini vya seli, iliyokuwa imeharibika tangu kabla sijaja, imerudi kutoka kwa mtengenezaji. Unakatakata jani kwa wembe kwenye kisahani chenye maji yake maalumu, unachuja, unatia rangi, na mashine inapima mwanga wa kila kiini. Jenomu kubwa inang'aa zaidi. Kwenye karatasi inachora kilima mahali viini vilipojaa. Hapo hakuna kuhesabu wala kukandamiza. Fundi amenifundisha kwa jani la nyanya.

Jumanne, 23 Aprili

Kwenye tuta majani yametoka. Mtunza Bustani anasema wiki mbili hivi tutaona matumba.

Saa saba mchana, Fundi alipokwenda kula, nilichukua jani la chungu kimoja cha juu na jani la chungu namba tatu cha bondeni, nikayakatakata pamoja kwenye kisahani kimoja. Kama ni sawa, mashine itachora kilima kimoja.

Imechora viwili. Cha pili kiko kwenye mwanga mara mbili kamili ya cha kwanza.

Nimeikunja karatasi nikaitia mfukoni. Iko hapa kwenye daftari hili ninapoandika. Nimemwangalia Shangazi akipiga pasi sare yake na sikuweza kumwambia.

Jumatano, 24 Aprili

Nilifika kabla ya Fundi. Profesa alikuwa anavua koti la mvua. Nilimpa karatasi bila kusema kitu, na ninajua haukuwa ushujaa. Nilitumaini karatasi ingesema yote.

Akaikunjua. "Nani alikata haya majani?"

"Mimi."

"La bondeni ulilitoa wapi?"

"Chungu namba tatu."

Alivuta daftari kubwa, akafungua ukurasa. "Hapa chungu namba tatu ni kumi na nane."

Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye koti lake.

"Slaidi haikuonekana vizuri?" akauliza.

Nadhani alikuwa ananifungulia mlango nitoke. Ningesema ndiyo, na kila kitu kingekwisha hapo.

"Namba tatu sikuitazama," nikasema. "Namba nne pia. Namba mbili nilitazama bila kuhesabu. Namba moja nilihesabu thelathini na sita nikaandika kumi na nane."

Hakupaza sauti. Alikaa. Akauliza, "Kuna slaidi ngapi humu zenye mwandiko wako?"

"Sitini na nne."

"Na za uongo ni nne."

"Ndiyo."

"Mimi nitajuaje kwamba ni nne?"

Nilifikiria zile nane za juu nilizohesabu mara tatu tatu, na ile ya kwanza kabisa. Mwandiko ni ule ule kwenye zote.

Akanipa kalamu na rula. Nikapiga mstari juu ya kila hesabu yangu, mmoja mmoja, na kutia saini pembeni. Sitini na nne. Nilikuwa kama kwenye ya thelathini Fundi alipoingia na salamu zake. Profesa akamweleza kwa sentensi tatu na kumpa karatasi ya vilima viwili.

Fundi aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote changu.

"Aliniita," akasema. "Mwezi uliopita. Alisema thelathini na sita, nikamwambia ni seli mbili. Sikurekebisha hata lenzi."

"Hukumwambia aandike kumi na nane," Profesa akasema.

"Sikumwambia. Lakini nilimcheka mbele ya watu." Akakaa kwenye kiti chake kirefu, hakumtazama yeyote. "Na huko bondeni miaka yote sikwenda kwa ajili ya kiatu."

Profesa akasema hayo watayazungumza wawili. Sasa kuna mimea mia tatu na themanini kwenye tuta moja na matumba yako njiani. Kila mmoja lazima upimwe jani kabla maua hayajafunguka. "Nani atakata?" akauliza.

"Mimi," nikasema, na mara hii hakuna aliyeniambia nirudie.

Shangazi alikuwa ameshajua nilipofika nyumbani. Katika jengo letu habari inashuka ngazi haraka kuliko mtu. Aliniwekea chakula, akasubiri nile, ndipo akasema:

"Nilikwenda kwa mama Profesa nikakuombea kazi ya kuhesabu."

"Najua, Shangazi. Nisamehe."

"Ngoja nimalize. Ya kuhesabu. Sikukuombea kazi ya kumfurahisha Fundi. Hiyo ningeifanya mwenyewe, ningekuwa na 'haya' ngapi sasa hivi."

Kisha akaniuliza kama hayo maua ya bondeni yatapona. Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi kesho uwahi."

Alhamisi, 25 Aprili

Arobaini. Fundi aliendesha mashine, mimi nilikata. Juu, juu, juu, bondeni, juu. Kila mmea tunachomeka kijiti, cheupe cha juu, chekundu cha bondeni.

Ijumaa, 26 Aprili

Arobaini. Mvua kubwa, vijiti sita vimeelea. Sita nimerudia.

Jumatatu, 29 Aprili

Arobaini. Kidole changu cha shahada kimekatwa na wembe mara mbili. Fundi ameleta plasta kutoka kwake, ameiweka karibu na kisahani kama vile imeanguka hapo.

Jumatano, 1 Mei

Arobaini. Matumba ya kwanza yameonekana, siku tano kabla ya tulivyotarajia. Mtunza Bustani ameleta chandarua cha kitandani kwake na kufunika tuta ili nyuki wasiingie. "Mke wangu ameuliza nyuki wana haja gani na chandarua chetu," akasema. "Nimemwambia mwaka huu nalala na mbu kwa ajili ya sayansi." Kisha akaniambia, bila kucheka, "Siku ile ya kupanda ningekuuliza vizuri zaidi." Nilimwambia aliuliza vizuri, mimi ndiye niliyejibu vibaya.

Ijumaa, 3 Mei

Arobaini. Maua matatu yamefunguka ndani ya chandarua. Tumeyakata.

Jumatatu, 6 Mei

Ishirini za mwisho, na tumemaliza; tumekata kila siku isipokuwa Jumapili. Mia mbili themanini na nane ni vya juu. Tisini na kimoja ni vya bondeni. Kimoja kimeoza.

Jumatano, 8 Mei

Tumevihamisha vya bondeni upande wa pili wa jengo, kwenye unyevu karibu na tangi la maji. Mimi na Mtunza Bustani kwa mikono, kila kimoja na udongo wake. Kumi na viwili vimelegea majani. Profesa amesema kuhamishwa mara mbili kwa msimu mmoja ni kutaka mengi kwa mmea.

Ijumaa, 10 Mei

Saba vimesimama tena. Vitano vimekufa. Vitano hivyo ni vyangu, na sioni namna nyingine ya kuandika hilo.

Jumanne, 14 Mei

Mvua zinapungua. Vya bondeni vilivyobaki vinachanua peke yao na nyuki wamevipata.

Profesa anahitaji hesabu za kromosomu upya, zote. Mimi natengeneza slaidi, Fundi anahesabu na kuandika. Mimi sihesabu. Ni haki.

Ijumaa, 17 Mei

Leo tulikuwa kwenye chungu namba tano cha bondeni. Fundi alihesabu, akaandika kwenye kipande cha karatasi badala ya daftari, akakigeuza juu ya meza. Kisha akashuka kwenye kiti.

"Kaa wewe."

"Mimi, Fundi?"

"Kuna Bi Kimya mwingine humu?"

Nilikaa. Seli ilikuwa nzuri, imetawanyika vizuri. Nilihesabu thelathini na tano. Nikaanza upande mwingine, thelathini na tano. Mara ya tatu nilihesabu polepole sana, nikitafuta moja. Nilijua inatakiwa iwe ngapi. Mashine imesema, vilima vimesema, na Fundi bila shaka alikuwa ameandika thelathini na sita. Alikuwa amesimama nyuma yangu na harufu yake ya chai.

Niliandika 35, nikampa.

Akageuza karatasi yake. 36.

"Unajua vya bondeni vina ngapi," akasema.

"Ndiyo."

"Mbona hukuandika?"

"Nimeona thelathini na tano."

Aliinama kwenye lenzi. Safari hii alikaa, akazungusha kirekebisho kwa ncha za vidole, mbele kidogo, nyuma kidogo. "Njoo. Pale, karibu na ile iliyopinda. Usiguse kitu, tazama tu." Akazungusha tena, na chini ya kijiti kimoja kikaibuka cha pili, kimelala sambamba nacho kama kivuli.

"Thelathini na sita," nikasema.

"Sasa ndiyo."

Akavuta daftari kubwa. Nilidhani ataandika yake. Aliandika zote mbili, 35 na 36, moja chini ya nyingine, akatia saini kwenye yake, kisha akanipa kalamu nitie kwenye yangu.

"Haya," akasema. "Lete namba sita."